Injini Iliyozoea Upepo

Gari liliwaka kwa mara ya tatu, likakohoa, likatema wingu jeusi lililotambaa hadi kwenye dirisha la chumba cha mashtaka. Mtu mmoja ndani akafunga dirisha kwa hasira.

"Zima," alisema Inspekta Bupe Mwambene.

"Ngoja kwanza, afande." Fundi Twaha hakuinua kichwa kutoka kwenye boneti. "Ngoja lizungumze."

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Ijumaa, katika uwanja wa nyuma wa kituo kimoja cha polisi Temeke. Gari lilikuwa Peugeot 504 nyeupe ya Bi Rukaiya Mbaraka, muuza saruji na mabati wa Mtoni. Juzi Jumatano, saa tatu kasoro asubuhi, lilikuwa limeshuka mteremko wa Pugu kama jiwe lililorushwa, likakwepa mama aliyebeba tenga la nyanya, likalalia ubavu kwenye mtaro. Bi Rukaiya alivunjika paja. Dereva aliyemtumikia kwa miaka kumi na mmoja, Suleiman Kipande, alitoka na mchubuko wa paji la uso, na sasa alikuwa mahabusu. Shtaka lilikuwa limeshaandikwa: kuendesha kwa uzembe na kusababisha majeraha. Saa sita mchana alitakiwa kupelekwa mahakamani.

Mkaguzi wa magari alikuwa ameliangalia gari siku ileile. Mafuta ya breki yamejaa. Pedi nzima. Hakuna bomba lililopasuka. Breki, aliandika, ni nzima. Na kwa yale aliyoyakagua, alikuwa amesema kweli.

Kilichomkera Bupe ni neno moja katika maelezo ya dereva. "Breki zilikuwa ngumu." Askari aliyeandika hakuuliza zaidi. Bupe, ambaye hakujua kutofautisha kabureta na betri, alikuwa ameuliza mtaani ni nani anayeweza kumweleza neno hilo, na kila aliyeulizwa alimtaja Twaha Pazi wa Tandika.

"Unasikia?" Twaha aliuliza. "Mngurumo wa kusimama, tunaouita sailensi, unatakiwa utulie kama cherehani. Hili linapanda na kushuka. Na moshi mweusi. Mafuta yamezidi."

Alichomeka mpira mwembamba wa geji yake, kisaa kidogo cha duara kinachopima jinsi injini inavyovuta pumzi. Sindano haikutulia. Ilikuwa inaelea kutoka kumi na tatu hadi kumi na sita, kisha inarudi.

"Ingekaa kumi na nane, kumi na tisa, wala isingetikisika. Haya, zima sasa."

Alifungua plagi nne, akazipanga juu ya gazeti kwa namba zake. Bupe aliinama. Hata macho yasiyo ya fundi yaliona. Tatu za kwanza zilikuwa nyeusi kwa masizi, kama vidole vya muuza mkaa. Ya nne ilikuwa nyeupe, kavu, kama mfupa uliokaa juani.

Twaha aliinua ile ya nne karibu na jicho. Kisha akapiga mluzi mdogo.

"Nini?"

"Plagi nyeusi inasema imelishwa mafuta mengi. Nyeupe inasema imekula upepo mwingi. Hizi zinanyonya kabureta moja, afande. Zinakula chungu kimoja. Sasa tatu zimevimbiwa, ya nne ina njaa. Kuna upepo wa wizi unaingia karibu na namba nne."

"Tundu?"

"Tundu."

Bupe alisogea karibu. "Nionyeshe."

Twaha alirudisha plagi, akawasha tena, akachukua bomba la sindano lenye petroli kidogo, akaanza kudondosha tone moja moja kwenye maungio ya manifodi inayogawia silinda upepo na mafuta, chini ya kabureta, kwenye kila mpira. Penye tundu, alieleza, injini huvuta lile tone na mlio hubadilika mara moja. Alizunguka upande wa kulia. Hakuna. Upande wa kushoto. Hakuna. Alimaliza na mpira mnene uliotoka kwenye manifodi, kando kabisa ya silinda ya nne, hadi kwenye kopo kubwa la duara lililo mbele ya dereva.

Mlio haukubadilika hata kidogo.

"Haiwezekani," alisema Twaha. Akarudia yote. Kisha akajifuta mikono polepole. "Afande, hili gari halivuji popote."

"Lakini plagi?"

"Plagi hazisemi uongo. Hapa mie nimekwama."

Bupe alitazama saa. Saa tatu na robo. "Fundi, usiguse kitu. Nakuja."

*

Suleiman Kipande alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa miaka arobaini na sita. Alisimama Bupe alipoingia, na hakukaa hadi alipoambiwa.

"Ulisema breki zilikuwa ngumu. Ngumu vipi? Pedali ilizama?"

"Haikuzama, afande. Ingezama ningejua la kufanya, ningepampu. Ilikuwa ngumu kama nakanyaga jiwe. Nilisimama juu yake kwa miguu miwili."

"Na huku mjini kabla hujafika Pugu?"

"Ilikuwa nzito kidogo. Nikasema labda pedi mpya. Mjini unaenda polepole, huhitaji breki kubwa. Kule mteremkoni ndiyo ikanikatalia."

"Injini ilikuwaje?"

"Nzuri tu." Alifikiri. "Tulisimama kwenye geti la reli kama robo saa hivi, treni ya mizigo inapita. Injini ilitulia vizuri, haikuzima. Kamoshi kidogo nyuma, nilikaona kwenye kioo."

"Gari lilitengenezwa lini mara ya mwisho?"

"Jumanne jioni. Fundi wetu Marselino alibadilisha plagi zote nne na pedi za mbele. Gari likalala pale yadi."

"Plagi mpya?"

"Mpya kabisa, kutoka kwenye boksi. Nilimshikia taa."

Bupe aliandika hilo na kulipigia mistari miwili. Plagi zilikuwa na umri wa safari moja tu. Masizi yale na weupe ule, vyote vilikuwa vya asubuhi ya Jumatano.

"Marselino yuko wapi?"

Suleiman aliinamisha kichwa. "Alipanda basi la Songea alfajiri ya Jumatano. Alisema mama yake mgonjwa."

Fundi aligusa breki jioni, na alfajiri akaondoka mjini. Bupe alihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Alimwita Konstebo Fransis hapohapo, akamwagiza apige redio Songea mtu huyo ashikiliwe. Fransis alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia afande wake akimuuliza dereva swali jingine.

"Na gari lilivutwa na nani kutoka Pugu?"

"Allen, meneja wetu. Alikuja na pikapu ya kampuni na chuma cha kuvutia, yeye peke yake. Askari walipomaliza kupima barabara wakamruhusu avute hadi hapa. Mie nikapakiwa kwenye gari la polisi."

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa nne na nusu, haikuzidi saa tano."

Bupe alikwenda kaunta, akafungua kitabu cha zamu. Mwandiko wa Jumatano ulikuwa wazi: *Peugeot 504 nyeupe imepokelewa, saa nane na dakika ishirini mchana.*

Kutoka Pugu hadi Temeke, hata kwa kuvuta, ni saa moja na nusu ukizidisha. Saa mbili nzima za ziada hazikuwa na maelezo.

Alitoka karibu mbio.

*

"Fundi, sikiliza. Suleiman anasema injini ilitulia vizuri kwenye geti la reli. Mie sijui magari, ila nijibu hivi. Kama gari lingekuwa na tundu, halafu mtu hataki dereva alijue, angefanya nini?"

Twaha alijibu bila kufikiri. "Tundu linafanya injini ikose nguvu, inapiga misi, yaani inaruka mapigo, inazima kwenye taa. Dereva yeyote atarudi gereji. Ili asijue, unaongeza mafuta pale kwenye skrubu ya kabureta. Upepo umezidi, na mafuta unayazidisha. Vinakwenda sawa. Injini inatulia…"

Akaigeukia kabureta. Bisibisi ikabaki hewani.

"Endelea," alisema Bupe. Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Injini inatulia kwenye geti la reli."

"Na halafu mtu huyohuyo akija baadaye, akaziba tundu, akasahau ile skrubu?"

"Mafuta yanazidi!" Twaha alipiga fenda kwa kiganja. "Moshi mweusi! Ndiyo hii! Afande, injini hii imepimwa kwa ajili ya tundu ambalo halipo tena!"

Aliingiza bisibisi kwenye skrubu ya mchanganyiko, akaigeuza kwa makini hadi ikagota, akihesabu kwa sauti, kisha akairudisha palepale ilipokuwa. "Mzunguko mmoja na nusu ndiyo kawaida. Hii imefunguliwa mizunguko minne. Hakuna fundi anayeacha hivi kwa bahati mbaya."

"Tundu lilikuwa wapi?"

"Karibu na namba nne kuna kitu kimoja tu kikubwa." Alishika ule mpira mnene. "Huu. Unapeleka mvuto wa injini kwenye hili kopo, haidrovaki. Ndiyo inayosaidia mguu wako. Huu ukitobolewa, pedali inakuwa…"

"Jiwe."

"Jiwe, afande. Na mkaguzi hawezi kuona chochote, kwa sababu mafuta ya breki yamejaa na pedi ni nzima."

Wote wawili waliutoa ule mpira, vichwa vyao karibu kugongana. Ulikuwa mzee, umekakamaa, lakini hauna tundu wala ufa. Klipu zake zilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Bupe aliugeuza kwenye mwanga wa jua. Ubavuni, chini ya vumbi la mafuta, kulikuwa na vidoa vidogovidogo vya rangi, kama vile mtu alipuliza rangi bila kuufunika.

Vidoa vya bluu.

"Hili gari limewahi kupakwa bluu?"

Twaha alikwangua pembe ya boneti kwa ukucha. Chini ya nyeupe kulikuwa na nyeupe. "Halijawahi."

"Fransis!" Bupe aliita. "Ile ya Songea iache. Marselino alikuwa kwenye basi alfajiri. Angeweza kutoboa Jumanne, ila asingeweza kuziba Jumatano mchana. Aliyeziba ndiye tunayemtaka. Washa Landrova. Fundi, unakuja na sie."

"Na huo mpira?"

"Tunao ushahidi wa nusu. Tukachukue nusu nyingine."

*

Yadi ya Bi Rukaiya ilikuwa Mtoni, nyuma ya ukuta wa matofali, mifuko ya saruji imepangwa chini ya turubai. Allen Kasanga aliwapokea akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa na miaka kama thelathini na tano, mchangamfu, mwenye kutazama saa yake mara kwa mara.

"Karibu Inspekta. Nilikuwa najiandaa kuja huko kituoni. Saa sita si ndiyo natoa ushahidi?"

"Saa sita. Nina maswali mawili tu. Jumatano ulichelewa na gari. Kulikuwa na nini?"

"Chuma cha kuvutia kilichomoka mara mbili. Halafu jua lile." Alitikisa kichwa. "Suleiman ni kama braza kwangu, inaniuma. Lakini aliendesha vibaya, ukweli usemwe."

"Uliangalia injini?"

Allen alicheka. "Mie? Mie mtu wa kalamu, Inspekta. Hata boneti sijui inafunguliwaje."

"Sawa. Pikapu yenu tunaweza kuiona? Ni ya kuandika tu namba."

Ilikuwa Peugeot 504 pia, ndugu wa ile nyeupe. Ya bluu. Bupe aliinama kuandika namba polepole kuliko inavyohitajika, na Twaha, bila kuambiwa, akavuta kamba ya boneti na kuinyanyua.

Rangi ya bluu ilikuwa imerukia kila mahali mle ndani. Mtu aliyeipaka pikapu ile hakujali. Betri, nyaya, mipira ya maji, vyote vilikuwa na vidoa. Isipokuwa kitu kimoja. Mpira wa haidrovaki ulikuwa mpya, mweusi tii, unanukia duka.

"Marselino aliuweka," alisema Allen haraka. "Wiki iliyopita. Wa zamani ulikuwa umechoka."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Ahsante," alisema Bupe, akafunga daftari. "Tuonane saa sita."

Kwenye Landrova Twaha alishindwa kujizuia. "Afande, ule wa vidoa vya bluu ulitoka humu, ili mpira mpya usionekane kwenye gari jeupe. Na huo mpya, umeona ile alama? Karibu na klipu kuna herufi mbili za rangi nyeupe. *HM*. Wauza spea wanawekaga alama ili usije kuwarudishia kitu cha duka jingine. HM ni Hamisa wa Tandika. Nanunua kwake kila wiki."

"Fransis, Tandika. Kanyaga!"

*

Duka la Hamisa lilikuwa na upana wa mlango na urefu wa treni. Mikanda, mipira na bomba za ekzosi zilining'inia hadi kichwani. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini, kilemba cha kijani, penseli imechomekwa sikioni.

"Mpira wa haidrovaki wa Peugeot? Nimeuza mmoja tu wiki hii. Jumatano mchana. Kijana mmoja mtanashati, ana haraka huyo! Shati limechafuka mkononi."

"Alijua anachotaka?"

"Sista, alinitajia hadi kipenyo kwa kichwa. Nikamwambia braza, wewe fundi wa wapi? Hakunijibu."

Bupe na Twaha walitazamana. Mtu wa kalamu.

"Alikuja na ule wa zamani kupimia?"

"Kila mtu anakuja na wa zamani. Ndiyo biashara yetu. Nikapima, nikamkatia urefu uleule. Wa zamani hakuutaka, akautupia pale kwenye pipa."

Bupe aligeuka. Pipa la bati lilikuwa kwenye kona ya duka. Lilikuwa tupu.

"Mabaki yamekwenda wapi?"

"Si mabaki ya mpira? Yule bwana wa mkokoteni anayekata kamba za kufungia mizigo, Ijumaa ndiyo siku yake. Kaondoka sasa hivi. Ukitazama pale utamwona, kaelekea sokoni."

Bupe hakungoja. Alitoka nje akikimbia, kofia ya sare mkononi, Fransis nyuma yake, Twaha nyuma ya Fransis na ovaroli lake linalopepea. Waliruka mafungu ya mchicha. Walimpita muuza kahawa aliyeinua birika lake juu ili wasiliangushe. Watu walianza kuita "mwizi! mwizi!" bila kujua nani anamkimbiza nani. Kwenye kona, mkokoteni ulikuwa umesimama, na bwana mmoja mwenye mgongo mpana alikuwa ameshika kisu kirefu, anapasua mpira wa kwanza kuwa kamba.

"Weka kisu chini!" Bupe alipiga kelele.

Bwana yule alikiangusha na kuinua mikono yote miwili. "Mie nimenunua, afande! Muulizeni Hamisa!"

"Tunajua. Tunaomba radhi. Mwaga gunia."

Mipira ilimwagika barabarani, mingi kama samaki mikunga wavuni. Watatu wale wakapiga magoti kwenye vumbi, huku umati ukiwazunguka na kutoa ushauri. Twaha alikuwa anatupa pembeni bila kutazama mara mbili: wa maji, wa maji, wa petroli, wa maji. Kisha mkono wake ukasimama.

Alikuwa ameshika mpira mnene, urefu wa mkono mmoja. Hapakuwa na doa hata moja la bluu. Kwenye ncha moja, pale ambapo klipu ingeficha nusu yake, kulikuwa na mpasuo ulionyooka, safi, wa urefu wa kidole gumba. Mpira unaochakaa hupasuka kwa meno meno. Huu ulikuwa umekatwa na wembe.

"Ukiwa baridi unajifunga," Twaha alinong'ona. "Ukipata joto unafunguka mdomo. Kadiri gari linavyokwenda, ndivyo breki inavyokufa."

Saa ya Bupe ilisema tano na nusu.

"Dada Hamisa," alisema waliporudi dukani, bado anahema, "funga duka. Tunakuomba kituoni."

"Kwa mpira mmoja?"

"Kwa mtu mmoja."

*

Walipoingia uwanjani, Suleiman alikuwa anatolewa mahabusu, pingu mikononi. Mkewe, Salma, alikuwa amesimama karibu na ukuta na kibakuli cha wali alichokatazwa kumpa. Allen alikuwa ameshafika. Alikuwa anaegemea gari lililowasubiri kuwapeleka mahakamani, anazungumza na dereva wake.

"Dakika kumi," Bupe alimwambia sajenti. "Nazichukua kwa jina langu."

Twaha hakuhitaji kumi. Aliufunga ule mpira uliokatwa kwenye Peugeot nyeupe. Ncha zake zilikaa juu ya alama za kutu kama mguu kwenye kandambili ya mwenyewe. Skrubu ya kabureta hakuigusa. Plagi aliziacha zilezile, akachomeka geji, akampa Bupe ishara.

"Mfungueni Bwana Suleiman pingu," Bupe aliagiza. "Akae kwenye usukani. Washa."

Gari liliwaka. Mara ya kwanza likatoa moshi, kama asubuhi. Sajenti alitikisa kichwa. Twaha aliinua kidole: subirini. Dakika moja. Mbili. Injini ilipata joto. Mpasuo ukaanza kufyonza, ssss, sauti ndogo kama ya nyoka. Na kadiri ilivyofyonza, moshi ulipungua. Ukawa kijivu, halafu kamoshi tu. Mngurumo uliokuwa unapanda na kushuka ukatulia, ukawa mmoja, laini. Sindano ya geji ilishuka hadi kumi na nne, ikasimama pale bila kutikisika.

"Chini kwa sababu ya tundu," Twaha alitangaza, "lakini imetulia kwa sababu mafuta yamepimwa kwa tundu hilihili! Si jingine!"

"Bwana Suleiman," alisema Bupe. "Kanyaga breki."

Suleiman alikanyaga. Wote waliuona mwili wake ukikaza, mgongo ukisukuma kiti. Akainua mguu wa pili, akakanyaga kwa yote miwili. Pedali haikwenda popote.

"Ndiyo hii!" alipiga kelele. "Wallahi ndiyo hii! Ndiyo hii niliyowaambia!"

Allen alikuwa ameacha kuegemea gari. Alipiga hatua moja kuelekea lango, akakuta Fransis amesimama pale.

"Bwana Allen," Bupe alisema, "huu mpira ulitoka kwenye gari hili ukaenda wapi?"

"Sijui unaongelea nini, Inspekta. Nimekwambia, mie mambo ya magari…"

Mlango wa Landrova ulifunguka. Hamisa alishuka, akarekebisha kilemba chake, akamtazama kwa muda mfupi sana.

"Ndiye," alisema. "Leo kabadilisha shati."

Allen aligeuza uso. Alimtazama Twaha, akaitazama injini ile iliyokuwa inanguruma kwa utulivu mbele ya watu wote. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Sikutaka waumie. Nilitaka lisimame njiani tu. Achelewe."

"Achelewe wapi?"

Fransis alitoa karatasi mfukoni; Suleiman alikuwa amemtajia walikokuwa wanakwenda, naye akapiga simu huko wakati Twaha anafunga mpira. Jumatano, saa nne asubuhi, ndiyo ilikuwa saa ya mwisho kupokea zabuni za ghala moja kuukuu la korosho lililokuwa linauzwa kule Kisarawe. Bi Rukaiya alikuwa anapeleka bahasha yake kwa mkono. Hakufika. Bahasha moja tu ilipokelewa, yenye jina la Bernadeta Kasanga.

"Mkeo," alisema Bupe.

"Hajui chochote," alisema Allen. "Naomba muandike hivyo. Hajui chochote."

"Ukitaka lisimame njiani unalegeza waya wa koili," Twaha alisema, na hasira yake ilikuwa ya kimya. "Wewe uligusa breki. Ulijua."

Allen aliketi chini, palepale kwenye kokoto.

*

Saa saba mchana Bupe aliingia wodini na Suleiman nyuma yake, shati lake bado lina damu kavu ya Jumatano. Alikuwa ameomba jambo moja tu alipofunguliwa: kabla ya kwenda nyumbani, kabla hata ya kula ule wali wa Salma, afike hapa. Njia nzima alitazama miguu yake. Mlangoni aligoma.

"Atanitazamaje, afande? Nimemvunja mguu."

"Twende."

Bi Rukaiya alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma, uso umevimba upande mmoja. Siku mbili alikuwa kwenye dawa nzito. Muuguzi alisema ndiyo kwanza ameamka asubuhi ile.

"Shikamoo mama. Mimi ni Inspekta Bupe."

"Marahaba mwanangu." Macho yake yalikuwa yamempita Bupe, yametua mlangoni. "Suleiman. Mbona unasimama huko kama mgeni?"

Suleiman alisogea. Alishika chuma cha kitanda. "Mama, ile breki… ilikuwa imekatwa, mama. Mpira wake. Mie sikuwa…"

"Najua."

Bupe aliinua kichwa. "Unajua, mama? Nani amekwambia?"

"Nani aniambie? Nilikuwa kiti cha nyuma." Bi Rukaiya aliunyanyua mkono wake uliochomekwa dripu, akauweka juu ya mkono wa dereva wake. "Nilimsikia akikanyaga. Kutoka juu kabisa hadi mtaroni, anakanyaga kwa miguu miwili na kuniambia nishike kiti. Tangu nimefumbua macho nawaambia manesi. Wananiambia nipumzike."

Suleiman alijiinamia kwenye ukingo wa kitanda, na mabega yake yakaanza kutikisika. Bupe alivuta kiti, akafungua ukurasa mpya wa daftari.

"Mie nakusikiliza, mama," alisema. "Anzia juu kabisa."